Ukuta wa Mama, Jiko la Baba Mdogo

Jumatatu, 4 Agosti
Ukuta wa chumba cha mama umetoa tumbo. Leo nimeuwekea gogo la pili. Mama anasema ukuta umenizidi umri, niuheshimu. Anacheka! Mimi sicheki. Mvua za kwanza tu, utamwangukia akiwa usingizini. Nimeamua: tunabomoa, tunajenga upya. Na kwa kibali, si kienyeji.

Jumatano, 6 Agosti
Halmashauri. Benchi, feni isiyozunguka, karani anatafuna karanga. Kumbe vibali ni viwili – cha kubomoa, kisha cha kujenga. Na cha kubomoa kinataka sahihi ya jirani wa mpakani. Nikamwambia mpakani ni baba mdogo, damu yangu. Akasema basi kazi ndogo hiyo. Hamjui baba mdogo.

Ijumaa, 8 Agosti
Amekataa! Sababu? Jiko lake. Alipolijenga alibana matofali: kuta tatu zake, ya nne akaazima kwetu. Mabati yake yamelala juu ya ukuta wa mama. Wetu ukianguka, jiko chini. Na halina kibali, kwa hiyo anaogopa mkaguzi na faini. Nikamuuliza, na mama akifukiwa? Mama mdogo, mkewe, ndiye aliyejibu: ukuta umesimama miaka yote hiyo, mimi nina haraka ya nini? Nimerudi nyumbani nalia. Hasira tu.

Jumanne, 12 Agosti
Jana nilikwenda, leo tena. Mwenda bure si mkaa bure. Karani amechoka na sura yangu, akasema: mkaguzi akiona mwenyewe kwamba ni hatari, sahihi ya jirani haihitajiki. Anakuja Alhamisi. Haya!

Alhamisi, 14 Agosti
Mkaguzi – mrefu, viatu vinang'aa – aligusa ukuta kwa kidole, akarudi nyuma haraka. Bibi huyu asilale humu tena, akasema. Moyo wangu ukatulia. Kisha akachungulia upande wa pili: na hili jiko la nani?

Baba mdogo jasho linamtiririka. Mimi mdomo wazi. Mama ndiye aliyesema: "Langu, mwanangu. Hawa tunapika pamoja tu." Uongo mkavu, hata kope haikucheza! Mkaguzi akaandika: nyumba na jiko, vyote vibomolewe. Faini hakuna, maana limehesabiwa sehemu ya nyumba mbovu. Jiko nalo hakuna.

Jioni baba mdogo alikuja mwenyewe kubeba godoro la mama. Atalala nyumbani kwa baba mdogo. Nilimshukuru, akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 25 Agosti
Kibali cha kubomoa ninacho! Kina mhuri. Mkaguzi anarudi kesho. Akikuta kitu kimesimama, cha kujenga hakitoki. Fundi kafika asubuhi na nyundo zake.

Lakini jikoni moshi. Mama mdogo kabandika maharage makavu, sufuria ile ya kupikia watu wengi. Amesema kupitia dirisha kwamba hatoki mpaka yaive. Baba mdogo anajifanya hasikii. Fundi ananitazama mimi: aanze au arudi kwake? Nimemwambia akae kivulini. Leo ukuta huu unaanguka, lakini si juu ya mtu.

Nimeingia. Macho yanawasha. Nimemwambia mama mdogo jiko lake litajengwa kwanza, kabla ya nyumba yetu, kuta nne zake mwenyewe. Kanisukumia kigoda. Naandika hapa hapa, daftari magotini. Sasa hivi kanipa kijiko nionje.

Bado mawe. Nimeongeza kuni.