Zilikuwa Zinasukumana Zenyewe

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, mtaa wote wa Manyatta ni matope, na mimi sijatoka nje.

Leo nimevunja kazi ya Otieno.

Tulisoma fizikia pamoja hapa Kisumu. Sasa yuko Ulaya, kwenye maabara ambako atomu hupozwa kwa leza mpaka karibu zitulie kabisa. Wingu la atomu hizo hugawanywa: nusu hupita njia hii, nusu ile, kisha hukutanishwa. Zikikutana hutokea mistari ya giza na mwanga. Kitu kikizivuta, hata kwa nguvu ndogo sana, mistari husogea. Otieno aliiona imesogea, akaamini amepata nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Makala yake na mkataba wake mpya wa kazi vinategemea hiyo.

Mimi kazi yangu ni hesabu tu, kwa kompyuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nikague.

Shida ni kwamba atomu husukumana. Wingu lisipogawanyika sawasawa, upande wenye atomu nyingi husukumana zaidi, na mistari husogea bila kuvutwa na chochote. Nikaangalia vipimo alivyochukua kwa atomu chache. Mistari ilikuwa imesogea kidogo tu. Nguvu ya kweli isingejali wingi wa atomu.

Nimerudia hesabu nikiomba Mungu niwe nimekosea mimi.

Nikampigia.

"Akinyi, niambie iko sawa."

"Haiko sawa. Ni atomu zenyewe zinasukumana."

Nilisikia mashine zikinguruma nyuma yake.

"Adier? Kweli?"

"Kweli kabisa. Pole."

"Vile vipimo vya atomu chache vilinisumbua," akasema. "Nikajiambia ni mashine tu inasumbua. Wacha nimwambie profesa leo, kabla makala haijatoka. Lakini wewe, tafadhali, usimwambie Mama."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jioni ujumbe wake umeingia: makala imeondolewa. Kuhusu mkataba hakuandika neno, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nimeketi kitandani na simu mkononi, chai imepoa, sina hamu ya kula.

Kesho baada ya ibada mama yake atanishika mkono kama kila Jumapili, aniulize mtoto wetu anaendeleaje huko kwa wazungu.