Bei ya Namba Nne kwa Mkupuo

Jumatatu, 9 Agosti 1999
Umande bado. Nimechuna safu mbili za chai na Senge, dada ya Baba, kisha nikarudi kwenye karatasi zangu. Kompaila yangu bado inadanganya. Kazi yake ni kugeuza programu iwe lugha ya mashine, na kwanza ikadirie: ni nafuu kusoma namba nne kwa mkupuo kutoka kwenye kumbukumbu, au moja moja? Inasema mkupuo ni nafuu. Mashine ya chuo ikijaribu, inachelewa zaidi. Profesa amenipa hadi Ijumaa nieleze kwa nini, la sivyo tasnifu ingoje mwaka mzima. Naogopa.

Jumanne, 10 Agosti
Hakuna kitu. Penseli imeisha. Mvua ya saa tisa, kama kawaida ya Sotik. Zamani ilitukuta shambani, Mama akicheka tu na kuendelea kuchuna. Niliwashinda dada zangu wote kwa wepesi. Nilijivuna kwelikweli.

Jumatano, 11 Agosti
Nimejitapa, nimeaibika. Nilimwambia Senge nitamaliza safu ya chini kabla yake. Nikasimama kati ya michai miwili, mkono huku, mkono kule, nichune yote kwa pamoja. Yeye alichuna mmoja baada ya mwingine. Alimaliza, akaningoja.

"Wewe unahesabu mikono tu," akasema. "Hesabu pia hiyo kujinyoosha. Huko juu chai imeshikana. Hapa iko na mapengo."

Mapengo ni ya mwaka ule Mama aliugua. Hakuna aliyepalilia, michai ikafa. Nilikuwa nimesahau.

Halafu nikakimbia nyumbani, mikono bado michafu. Jedwali langu la gharama, lile kompaila inakadiria nalo, lina bei moja tu. Namba nne zilizopangana kwenye kumbukumbu, bei hiyo. Namba nne zilizotawanyika, bei ileile. Na hizo za pili lazima ziokotwe moja moja, kisha zifungwe pamoja. Ujinga mtupu. Miezi mitatu nimeutazama.

Alhamisi, 12 Agosti
Simu ya posta. Nimemsomea Wafula, tunayesoma naye, bei mpya. Akaziingiza kwenye mashine nikiwa nasubiri. Kompaila sasa inakataa mkupuo karibu kila mahali katika programu ya majaribio. Kasi imerudi. Nimefurahi, nimeumia pia. Tasnifu ilikuwa ya kuonyesha kwamba mkupuo unashinda. Sasa itaonyesha ni wapi unashindwa. Sijui Profesa atasemaje.

Ijumaa, 13 Agosti
Profesa amekubali. Amesema hii ndiyo tasnifu, ile ya kwanza ilikuwa majigambo. Imebaki sura moja.

Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni Mama. Miaka sita tangu tumzike, na bado huwa hivyo. Nikamtafuta Senge shambani. Akauliza kama hiyo ni kusema nimemaliza shule. Nikasema karibu. Akatua kikapu, akanishika mkono, akaomba kwa Kipsigis, maombi marefu, akimtaja Mama kwa jina. Kisha tukaendelea kuchuna.