Chupa Mbili za Katoo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bila mimi, Kitengela haingekuwa na mbuzi hata mmoja mwenye afya. Sijisifu, naandika tu vile mambo yako. Daktari wa mifugo wa serikali akikwama, hupita nje ya agrovet yetu, duka la dawa za mifugo, polepole akitarajia nimwite. Simwiti. Akae na shida yake kidogo.

Kwa karatasi, agrovet ni ya Caro, binti ya dada yangu. Lakini ni nani anajua dawa? Nikisimama pale mlangoni nakuambia hii ni nini na ile ni nini, na kaunta sijafika.

Leo amekuja Katoo, wa kule Mashuuru. Macho yake yalizimika miaka kumi iliyopita, lakini mbuzi wake sitini anawatibu mwenyewe. Alikuwa na neno. Chupa ya minyoo na chupa ya kupe ziko sawa mkononi — lita moja moja, kampuni moja. Ya minyoo mbuzi ananyweshwa. Ya kupe ni ya kunyunyizia ngozi, akiinywa anakufa. Sisi tumekuwa tukimfungia mpira shingoni mwa chupa: mmoja ni minyoo, miwili ni kupe. Sasa juzi mpira ulikatika njiani. Akafika nyumbani na chupa mbili zenye mpira mmoja mmoja. Alikaa nazo siku nne, mke wake akiwa safarini, mbuzi wakikohoa.

Halafu nikasema tuweke lebo za breli. (Caro anadai ni yeye alisema. Tulisema pamoja, mimi nikitangulia.)

Jumanne, 4 Machi

Katoo amerudi na kibao chake cha breli na kile kimsumari cha kudungia. Tumemkatia vipande vya plastiki vya kubandika. Anadunga akitoka kulia kwenda kushoto, kwa mgongo wa kipande, ukigeuza nukta zinasimama sawasawa. Nilijaribu kimoja. Akapitisha kidole, akacheka mpaka akashika kaunta.

— Mzee Bedan, hapa umeandika mvua ya mawe.

Basi ameandika zote mwenyewe, ishirini za minyoo na ishirini za kupe, na Caro akaziweka kwa bahasha mbili. Mimi nimekuwa msimamizi. Mradi bila msimamizi hauendi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebandika lebo zote arobaini kabla chai ipoe! Caro akauliza kama nimesoma kila chupa. Nimesoma, nikamwambia. Huyu mtoto nilimfunza kuvaa viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu kubwa. Katoo alikuja, akatusalimu Kimaasai, "Sopa", tukajibu "Ipa", akaenda moja kwa moja mpaka rafu. Hakuna mtu alimshika mkono. Akapapasa, akatoa moja ya minyoo, akapapasa tena, akatoa moja ya kupe. Akaziweka kaunta.

— Leo nimenunua kama watu, akasema.

Caro akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta. Mimi macho yaliniwasha, ni vumbi la lori za mawe.

Katoo anasema Jumapili, baada ya kanisa, atanywesha mbuzi wote. Nimemwambia atakuja kuwa mfano Kajiado nzima, na mimi nitaitwa kuhutubia. Nimeanza kufikiria suti.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo si mazuri.

Jioni Caro alikuwa akipanga rafu. Akaniita: Anko, kuja hapa. Chupa mbili, zote kifuniko cha kijani, ile rangi ya minyoo ya siku zote, zote na lebo ya minyoo ya Katoo. Ya kwanza imeandikwa na kampuni dawa ya minyoo. Ya pili imeandikwa dawa ya kupe. Akatoa nyingine. Kupe. Nyingine. Minyoo. Kampuni imebadilisha rangi za vifuniko kwa mzigo mpya, na mzigo mpya ulikuwa umechanganyika na wa zamani. Nyekundu pia vivyo hivyo.

Nikasema hii ni makosa ya kampuni. Mtu hawezi kubadilisha kifuniko bila kutangaza. Caro alikuwa anabandua lebo, moja baada ya nyingine, na ukucha.

Akasema tu: Anko, Katoo anaamini kidole chake.

Simu ya Katoo mteja, haipatikani. Ya mke wake Naisenya, mteja. Kwao mtandao unashika ukipanda kilima.

Caro alitaka kwenda mwenyewe. Nikasema hapana, mradi ni wangu. Akasema basi beba chupa mpya, hizi nimesoma mimi. Nikamwambia za nini? Nitasoma alizo nazo, zikiwa mbaya nambadilishia lebo hapo hapo. Nimebeba lebo mbili kwa mfuko wa shati. Alfajiri natoka.

Jumapili, 9 Machi. Mashuuru, kwa Katoo

Naandika nikiwa kwa stuli yake, chini ya ukuta, kivuli ni kidogo.

Nimefika saa sita nikikimbia kutoka barabarani. Mbio hizo hata nikiwa kijana sikuwahi kupiga — mbwa wake walinipisha. Mbuzi wamefungiwa zizini, wote sitini, wanapiga kelele. Katoo alikuwa amekaa na bomba la kunyweshea mapajani. Tupu. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

— Nilikuwa nimeanza kufungua, akasema. Halafu nikanusa. Kidole kinasema minyoo, pua inasema sijui. Mafua yamenishika tangu jana, pua si ya kuamini. Nikasema nisiue mbuzi wa watoto kwa sababu ya haraka.

Nikamweleza kuhusu vifuniko. Nilieleza vizuri, kampuni nikaiweka mbele. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaninyooshea chupa zote mbili.

— Sawa. Umefika. Soma.

Nikashika ya kwanza. Nikaileta karibu. Nikaipeleka mbali. Nikatoka nayo juani, nikarudi kivulini. Nikasema kampuni za siku hizi zinaandika kama siafu.

Katoo akainamisha kichwa upande mmoja.

— Mzee Bedan, nasikia dawa ikienda ikirudi ndani ya chupa. Unasoma ama unaipima?

Simu yangu ni ya kubonyeza, yake pia, hakuna picha ya kumtumia Caro. Jirani ameenda malishoni. Naisenya ameenda sokoni baada ya kanisa na anarudi saa kumi.

— Akirudi, Katoo akasema, atatusomea sisi wawili.

Akanipa chai ya termosi. Hajanikasirikia, na hiyo ndiyo inanisumbua. Tumekaa, chupa ziko chini katikati yetu, mbuzi hawanyamazi.

Nimemwambia Katoo kwamba nimesahau miwani Kitengela. Kitengela hakuna miwani. Mwaka wa sita sasa nauza dawa kwa rangi ya kifuniko.