Malkia Anayenukia Kahawa

Nyakabanda, Kigali

Mdogo wangu Zuhura,

Pokea salamu za mvua na vilima. Jana nilikuwa malkia! Binamu yetu Yusufu anashona nguo za sinema ya mfalme wa kale. Vazi la malkia amelishona kwa mapazia, kisha akalichemsha kwenye kahawa lifanane na nguo za magome ya mti. Mwigizaji hakufika kulijaribu, basi nikavalishwa mimi, nikaketishwa mbele ya jumba la mfalme lililosukwa kwa matete. Lisingempendeza mwenye sinema, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine.

Yule bwana akanizunguka, akakunja pua. “Mbona malkia ananuka kahawa?”

Yusufu, jasho likimtoka: “Patroni, kwani sinema iko na harufu?”

Bwana akacheka mpaka kofia ikamdondoka. “Haya, mshonee na mfalme!”

Nami nilicheka, Zuhura, kama ambavyo sijacheka tangu msiba. Shati la marehemu shemeji yako lilinukia vilevile kila aliporudi na birika lake la kuuzia kahawa. Nimeomba kipande cha pazia lile la kahawa. Nikija tutakinusa pamoja.

Nibusie watoto.

Dada yako,
Mwanaidi