Vidonge vya mgongo vya mama mkwe

Irene usinipigie, nipo nyuma ya zizi. Soma tu.

Mama mkwe amekuja kwenye sala ya jumuiya na kopo la vidonge. KOPO LILE!

Si unakumbuka tulimdanganya kwamba matibabu ya uzazi Arusha na zile sindano za Kichina ni mgongo wangu unatibiwa? Na vidonge tukasema ni vya mgongo. Kumbe naye mgongo unamuuma, wiki mbili anachota kimya kimya. Leo akalitoa katikati ya watu: "Hivi vya Violeth vimenisaidia sana, nani anataka?"

Nesi Helena akalishika, akasoma. Nikamkonyeza, hakuniona. Akamwambia mama mkwe, "Mama Marieta, hivi ni vya mwanaume. Vya kuongeza mbegu, akitafuta mtoto."

Vya mwanaume, Irene! Na mume wangu Onesphory amekaa pale pale mlangoni.

Halafu ikafika zamu ya maombi. Miaka minne, kila Jumamosi, mama mkwe anasimama kuombea tumbo langu kwa jina, mimi nainamisha kichwa tu, kwa sababu nilimwahidi Onesphory sitasema kwamba shida iko kwake. Leo akasimama tena. Akanitazama, akanitazamaaa. Nikajua nimekwisha.

Akasema, "Tumwombee mwanangu Onesphory."

Watu wakaitika, "Ee Bwana, utusikie."

Na mimi nimeitika, Irene. Kwa sauti kuliko wote. Sasa naogopa kuingia ndani, alipo Onesphory.