Daftari la Wageni Kwenye Geti la Marina

Nyumba ya Ngazi za Bluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Barafu.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na huyo mtoto ameshaota meno, au bado anacheka fizi tupu? Sisi tuna afya. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata moto anatembea bila shida. Baba mwili mzima, ila moyo wake ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kabla sijafika mbali, ujue nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Marina, ile bandari ya boti za matajiri, imekamilika. Sikatai, imeleta uhai. Shangazi anafua mashuka ya boti za starehe, mimi nazishonea vifuniko vya turubai, na ufuo wetu uliokuwa umesinzia sasa una taa. Kwenye mkutano wa wenye marina tulipiga makofi sisi wenyewe. Walituahidi kwamba ule mteremko wa zege, ambao Baba anavutia boti juu ili azitengeneze, utabaki kama ulivyo. Basi wakauzungushia uzio, wakaweka geti, na getini wakaweka daftari la wageni.

Siku ya kwanza Baba aligoma. Miaka thelathini na moja anashuka pale na sanduku lake la vifaa, leo aandikishwe mgeni! Wewe ukapiga simu: "Baba, saini tu, usigombane na watu kwa jambo dogo." Nami nikakuunga mkono, nisijifanye mtakatifu. Akasaini. Miaka miwili, kila asubuhi anavua kofia, anamsalimia mlinzi, anasaini. Unamjua kwa adabu zake.

Mwezi uliopita ikaja barua. Mteremko unavunjwa, wajenge mgahawa. Meneja, ambaye tumempachika jina la Kiyoyozi kwa kuwa hatoki ofisini, anasema Baba hana haki yoyote pale. Ushahidi wake? Daftari! Eti mtu anayesaini kila siku kama mgeni amekiri kwa mkono wake kwamba pale si pake. Kaka, hebu fikiria. Adabu ya mzee wa watu wameigeuza kitanzi! Na boti yao ya doria ilipotoboka, ni nani aliyelala chali kwenye zege lile akaiziba? Mgeni?

Jana tuliitwa mbele ya kamati ya ardhi. Chumba kidogo, feni mbovu, Kiyoyozi analowa jasho hadi nikafurahi, Mungu anisamehe. Alileta nakala za kurasa: jina la Baba, saini ya Baba, jina la Baba, saini ya Baba. Baba anaangalia viatu vyake. Nikajua tumekwisha.

Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani minene, akauliza mbona nakala zote zimekatwa upande wa kulia. Kiyoyozi akaanza kubabaika, mara mashine, mara karatasi. Mwenyekiti akasema liletwe daftari lenyewe.

Kumbe lina safu ya mwisho: "Unakwenda kwa nani?" Wengine wameandika kwa meneja, au jina la boti fulani. Mwenyekiti akatafuta jina la Baba, akasoma kwa sauti. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Miaka miwili, kwa mwandiko wake ule ulioinama, kila siku Baba ameandika neno moja: "Kwangu."

Tukiwa njiani nilimuuliza mbona hakutuambia. Akasema, "Mliniambia nisaini. Hamkuniambia niandike uongo." Kaka, nilitamani barabara inimeze.

Sasa sikiliza. Uamuzi ni baada ya wiki mbili, na kamati inataka mtu aliyefanya kazi mteremkoni kabla ya uzio. Ufundi wako wote umeutoa pale, ukikandamiza pamba kwenye nyufa za mbao ili boti zisivuje, hadi vidole vikachubuka. Usinipigie simu safari hii, na habari za ruhusa ya kazini sizitaki. Njoo usimame.

Nisalimie Shemeji, umbusu mtoto. Mama na Shangazi wanakusalimu sana. Baba hajui kama nimekuandikia. Mungu akulinde barabarani, akufikishe salama.

Dada yako akupendaye, hata leo.