Shati la Papa Kwenye Kamba

Yaya Djo, kaka yangu,

Baridi ya Juni imetukuta wazima hapa Kasungami. Ninyi huko Kambove mko aje? Mihogo ni mizuri mwaka huu, na jirani yetu Ntumba amejifungua msichana.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema watu wa komini, wale wa ofisi ya serikali, hawapiti tena kukagua, basi utakuja kuliwasha tanuru la matofali la Papa. Ni kweli hawapiti. Lakini tangu walipokataza moshi, watoto wa mtaa hawakohoi tena, na mimi ninalala dirisha wazi. Papa peke yake hakuwahi kuivuta hewa hiyo safi. Tulimzika wiki ileile tanuru lilipofungwa, kifua kimekwisha.

Kuna jambo sikutaka kukuandikia. Unakumbuka jinsi Mama alivyokuwa anakimbia kuanua nguo, upepo ukigeuka kutoka upande wa tanuru? Bado anakimbia. Kila Jumatatu anafua shati la kazi la Papa, analianika, kisha ghafla analiingiza ndani. Nilidhani ni huzuni tu. Jana nikamtangulia kwenye kamba. Kule kwenye tanuru nyasi zimeota mpaka mlangoni, na hapakuwa na moto popote. Shati lilikuwa limejaa harufu ya moshi, kama Papa alivyokuwa akinuka akirudi jioni.

Nilimwambia Mama kwamba unakuja kuwasha. Alilikunja shati polepole.

"Ambia Djo asijisumbue," akasema. "Papa yake iko anawasha."

Mdogo wako,
Delphine